Kifaa Gani cha Kuzamia Ukibadilishe Kwanza

Kabla hujafungua pochi, fungua daftari lako la mbizi. Soma mbizi 15 au 20 za mwisho, na kila ulipoandika kero, ipigie mstari: miwani iliingiza maji, baridi ilinianza dakika ya 30, taya ziliuma, nilishindwa kutulia kwenye kituo cha mita 5 (pale pa kusimama kidogo kabla ya kurudi juu), hewa yangu iliisha mapema kuliko ya mwenzangu. Kama daftari lako lina tarehe na kina tu, anza leo kuandika kero moja baada ya kila mbizi, na ununuzi usubiri mbizi kumi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona pesa nyingi zikipotea, zangu zikiwamo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikienda chini miguu imening'inia, mara napanda, mara nashuka, mkono hautoki kwenye kitufe cha kujaza hewa. Nikaamini kuwa tatizo ni jaketi la kuelea, lile linalojazwa hewa kutoka mtungini, nikanunua jingine zuri zaidi. Mbizi ya kwanza nalo, mambo yakawa yale yale. Mwalimu aliyekuwa nasi siku hiyo alinitazama chini ya maji, kisha tulipotoka akaniambia nipunguze risasi kiunoni, yaani vile vipande vizito vya madini vinavyomsaidia mzamiaji kushuka, kilo moja kila mbizi, mpaka atakaponiambia basi. Zilitoka kilo 4. Jaketi la zamani halikuwa na kosa lolote.

Hatua ya kwanza: maliza yasiyohitaji kununua

Pima uzito wako upya. Ingia majini na vifaa vyako vyote, mtungi ukiwa umebaki na bar 50 hivi (bar ni kipimo cha presha), toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida na usipige miguu. Maji yakifika usawa wa macho, uzito uko sawa. Ukitoa pumzi uanze kushuka taratibu. Ukishuka kama jiwe, risasi imezidi. Kama mtungi umejaa wakati wa kipimo, kumbuka kwamba hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3, na sehemu kubwa ya uzito huo utakuwa umeipumua kabla ya kurudi juu. Kwa hiyo ongeza kilo 2 hivi juu ya kile kipimo kilichokuonyesha. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukikaribia kuisha huanza kuelea wenyewe, ilhali mingi ya chuma hubaki mizito, kwa hiyo ukibadilisha aina ya mtungi, pima tena.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Risasi ikizidi, unalazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi ili usizame, na hewa hiyo haitulii: inabanwa unaposhuka, inatanuka unapopanda. Kutoka mita 10 hadi juu inatanuka mara mbili. Ndiyo maana mzamiaji mwenye risasi nyingi huteseka zaidi pale kwenye kituo cha mita 5, mahali anapotakiwa kutulia kuliko kwingine kote. Uzito huo pia humwinamisha, miguu chini na kifua juu, akawa anasukuma maji mengi kwa kila teke, na hewa inakwenda. Kero tatu au nne katika daftari lako zinaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Baada ya uzito, angalia matengenezo. Regulata, kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, ikiwa inakulazimu uvute kwa nguvu, huenda inadai servisi tu. Taya kuuma mara nyingi ni kile kipande cha silikoni unachouma kwa meno: kimechakaa au hakilingani na mdomo wako, na kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Mtungi ukivuja shingoni, mkosaji wa kwanza kushukiwa ni oringi, ile pete ndogo ya mpira inayoziba hewa. Mkanda wa pezi uliopasuka si sababu ya kununua mapezi.

Hatua ya pili: gawa kero zilizobaki katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la vitu vinavyoweza kukudhuru. Kitufe cha jaketi kinachonasa na kuendelea kuingiza hewa. Mpira wa regulata wenye nyufa ukiukunja. Geji, kipimo cha presha ya mtungi, ambayo mshale wake haurudi sifuri ukishatoa presha yote, au inatofautiana sana na geji nyingine kwenye mtungi ule ule. (Mshale ukiruka kila unapovuta pumzi, angalia kwanza kama vali ya mtungi imefunguliwa yote.) Kompyuta ya kuzamia inayozima yenyewe. Kero ya fungu hili haina mjadala: usizamie nayo tena mpaka itengenezwe au ibadilishwe, hata kama moyo wako uko kwenye kitu kingine.

Humo humo ninaweka vitu vidogo ambavyo watu huviacha mpaka mwisho kwa kuwa havina mvuto dukani: boya la kuashiria pamoja na uzi wake, kifaa cha kukatia nyavu na kamba za uvuvi, filimbi. Mkondo ukikupeleka mbali na mashua, kichwa chako juu ya mawimbi ni nukta tu. Boya refu la rangi ya chungwa linaonekana. Kama huna, hili ndilo la kununua kwanza, kabla ya chochote nitakachokitaja hapa chini. Kisha jifunze kulirusha kwenye maji mafupi, ukiwa na mtu anayejua, kwa sababu uzi ukinasa kwenye jaketi wakati boya linapanda, utapanda nalo.

Fungu la pili ni la vitu visivyokutosha mwilini: miwani, suti, mapezi, saizi ya jaketi. La tatu ni la vitu vinavyofanya kazi vizuri ila unatamani vilivyo bora. Fungu la tatu lisubiri. Tamaa si dhambi, lakini fungu la pili ndilo linaloamua kama utaifurahia mbizi.

Hatua ya tatu: anza na kile kinachogusa mwili wako

Kwa mtu anayekodi kila kitu, ushauri wangu haujabadilika kwa miaka: miwani kwanza. Hakuna kifaa kinachotegemea umbo la mtu kama hiki, na hakuna kinachoharibu mbizi haraka kama maji yanayopenya kila dakika. Kuijaribu ni rahisi. Nyanyua nywele, iweke usoni bila kuvaa mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha ondoa mkono. Ikibaki imeshika, bila wewe kukaza uso, inakufaa. Ikidondoka, iache, hata kama ni nzuri namna gani na hata kama rafiki yako anaisifu. Uso wake si wako. Jaribu pia ukiwa umeuma kipumulio mdomoni, maana mashavu hubadilika. Mwenye sharubu apate miwani yenye silikoni laini na ajue kuwa maji kidogo yataingia.

Kama huoni vizuri bila miwani ya macho nchi kavu, hii inahamia fungu la kwanza. Mtu asiyeweza kusoma geji yake hayuko salama. Kuna miwani ya kuzamia inayokubali vioo vya kuongeza uwezo wa kuona, vya mbali na vya karibu. Na miwani mpya, kabla ya mbizi ya kwanza, isugue vioo kwa ndani na dawa ya meno ya kawaida mara kadhaa: kiwandani hubaki utando mwembamba ambao usipoondolewa, vioo vitaingia ukungu kila mara.

Mapezi hayahitaji maneno mengi. Yakikupwaya yanasugua na kutoa malengelenge, yakikubana au yakiwa magumu kuliko misuli yako, misuli ya mguu inakaza katikati ya mbizi. Kama hupati tatizo lolote kati ya hayo, uliyo nayo yanatosha.

Suti ina hesabu yake. Maji hunyang'anya mwili joto karibu mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana hata maji yanayoonekana ya vuguvugu humtetemesha mtu baada ya saa moja. Kwa wengi, maji ya nyuzi 27 na zaidi yanataka suti yenye unene wa milimita 3 au pungufu. Ya 21 hadi 26 yanataka 5. Chini ya hapo 7, na yanapokaribia nyuzi 10 ni wakati wa kufikiria suti kavu, isiyoingiza maji. Lakini usinunue unene kabla ya kuangalia ukubwa. Suti ya milimita 5 iliyojaa maji mgongoni haikukingi na baridi kuliko ya 3 iliyokukaa sawasawa, kwa kuwa kila unapojikunja maji ya joto yanatoka na ya baridi yanaingia. Vaa, inama, nyoosha mikono juu, uangalie mapengo kiunoni na kwapani. Mara nyingine kofia ya neopreni (ule mpira wa suti) au kizibao cha kuvaa ndani hutatua kero yote, bila kugusa suti. Na kumbuka: neopreni mpya huelea zaidi kuliko iliyochoka, halafu hubanwa na kina. Suti mpya ni sababu ya kurudia kipimo cha uzito.

Hatua ya nne: kompyuta kabla ya regulata

Hapa nitapingana na wengi, maana desturi ni kusema regulata kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokupa uhai. Naelewa. Lakini regulata ya kukodi iliyotunzwa vizuri inampa kila mtu hewa ile ile. Kompyuta haiko hivyo. Inabeba hesabu ya nitrojeni, gesi ya hewani inayojikusanya mwilini mwako ukiwa chini, mbizi baada ya mbizi, na hesabu hiyo haiazimwi. Ukizamia asubuhi na kompyuta moja na mchana ukapewa nyingine, ya pili inakuchukulia kama mtu ambaye hajagusa maji siku hiyo. Itakupa dakika ambazo mwili wako hauna. Kutegemea kompyuta ya mwenzako nako ni kujidanganya: yeye alikaa mita 18 huku wewe umeshuka 22 kumfuata kasa.

Unapochagua, tazama mambo haya kabla ya rangi na ukubwa wa saa. Je, unaweza kusoma tarakimu kwa mkono ulionyooshwa, kwenye maji ya giza? Je, inakubali nitroksi, yaani hewa iliyoongezewa oksijeni? Hata kama hujasoma kozi hiyo bado, wengi huisoma baadaye, na kompyuta isiyokubali itakulazimisha kununua tena. Nitroksi ya asilimia 32, kwa kikomo cha kawaida cha bar 1.4 za presha ya oksijeni, haikuruhusu kupita mita 33 hivi, na kompyuta ndiyo inayokukumbusha. Betri unabadilisha mwenyewe, unachaji, au lazima iende kwa fundi? Inakuonya ukipanda haraka? Kasi ya mita 9 kwa dakika ndiyo inayofundishwa na wengi kama ukomo, na bila mlio au rangi nyekundu ni rahisi sana kuipita bila kujua.

Utasikia pia majina ya hesabu zinazoendesha kompyuta. Kompyuta nyingi hutumia mfumo wa Bühlmann, tabibu wa Uswisi aliyegawa mwili katika makundi 16 ya tishu, kila moja likijaza na kutoa nitrojeni kwa kasi yake. Kwa mbizi za burudani, lililo muhimu ni kujua kwamba unaweza kuipangia kompyuta iwe na tahadhari zaidi, na kwamba ikiwa yako na ya mwenzako zinatofautiana, nyote mnafuata iliyo na tahadhari kubwa. Kuna nyingine zinazosoma presha ya mtungi kwa kinasa kisicho na waya. Ni raha, nami ninayo, ila geji ya kawaida sijaiondoa.

Hatua ya tano: regulata, ukiwa tayari kuitunza

Tangu Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza Aqua-Lung mwaka 1943, kazi ya kifaa hiki ni ile ile: kukupa hewa kwa presha ya maji yaliyokuzunguka, kila unapovuta pumzi. Kichwa chake kinachofungwa mtungini hushusha presha mpaka bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji, kisha kipumulio mdomoni kinamalizia. Ukiwa mita 20, presha ni mara tatu ya juu, na kila pumzi moja inachukua hewa ya pumzi tatu.

Swali la kwanza ni kama unahitaji iliyosawazishwa. Ile isiyosawazishwa huanza kuvuta kwa uzito kadiri mtungi unavyopungua, iliyosawazishwa haibadiliki. Ukizamia kwenye maji ya joto yasiyozidi mita 18, isiyosawazishwa yenye servisi nzuri itakuhudumia miaka mingi. Ukishuka mita 30 mara kwa mara, badilisha. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 10, tafuta kichwa kilichofungwa maji yasiingie ndani, kwa sababu baridi inaweza kugandisha vali ikabaki wazi na hewa ikabubujika mpaka iishe.

Swali la pili ni jinsi inavyofungwa mtungini. Ya kubana kwa skrubu kutoka nje imewekewa kikomo cha bar 232. Ya kusokota ndani ya vali, iitwayo DIN, ipo hadi ya bar 300, na oringi yake imekaa mahali salama zaidi. Ukisafiri sana, DIN yenye adapta inakupa njia zote mbili.

Usiridhike na kipumulio cha akiba cha hali ya chini. Watu hununua kizuri kwa ajili yao na cha bei rahisi kwa ajili ya mwenzao. Fikiria nani atakitumia: mtu aliyeishiwa hewa, anayehema kwa hofu, kwenye kina kirefu zaidi cha mbizi yenu. Huyo ndiye anayehitaji kinachovuta kwa wepesi.

Swali la mwisho ndilo linaloweza kukuzuia usinunue kabisa. Nani ataifanyia servisi, na vipuri vyake vinapatikana? Watengenezaji wengi hutaka servisi kila mwaka au kila mbizi 100, wengine kila miaka miwili. Regulata ya kifahari isiyo na fundi ni mbaya kuliko ya kawaida yenye fundi.

Jaketi na mtungi

Jaketi huja mwisho, isipokuwa liwe na kosa la fungu la kwanza au liwe kubwa kiasi cha kukupanda masikioni ukiwa juu ya maji. Kulijua kama linavuja, lijaze mpaka vali iachie, liache usiku mzima, uangalie asubuhi kama bado limejaa. Lile la kubeba hewa mgongoni hukulaza vizuri chini ya maji, ingawa juu linaweza kukusukuma uso kwa mbele. La kuzunguka kiuno hukusimamisha wima juu. Chagua kwa kuazima na kuzamia, si kwa kulivaa dukani. Mtungi usinunue mpaka uwe unazamia karibu kila wiki: ni mzito, na kuna vipimo vya presha ambavyo nchi nyingi hutaka kila miaka mitano.

Ukivutiwa na kitu kilichotumika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mapezi na suti huonekana wazi kwa macho. Regulata ijumlishie gharama ya servisi kabla ya kusema ni rahisi. Kompyuta, uliza umri wa betri na ufungue kumbukumbu zake za mbizi uone imetumikaje.

Hatua ya sita: kibadilishe kimoja, kizoee, ndipo uende kingine

Kifaa kipya kiingie majini peke yake. Ukibadilisha suti, jaketi na regulata siku moja, tatizo likitokea hutajua limetoka wapi, na mikono yako haitajua vitufe viko wapi. Mbizi ya kwanza iwe ya maji mafupi na tulivu. Funga macho, tafuta kitufe cha kujaza, cha kutoa, kipumulio cha akiba, kifungio cha risasi. Rudia mpaka mkono uende wenyewe. Mwambie mwenzako kilichobadilika na umwonyeshe kilipo, kisha pima uzito.

Andika mbizi tano zinazofuata kwa uangalifu kama zile za mwanzo. Kero uliyoipigia mstari ikiwa haionekani tena, nenda kwenye inayofuata. Ikiwa bado ipo, mwombe mwalimu au mzamiaji mkongwe ashuke nawe na akutazame dakika kumi, kabla hujanunua kitu kingine.